Seva ya DNS inaganda bila kufa: nikiiwasha upya inapona, siku mbili inarudia

Pweza_wa_Pili:
Wakuu, heshima zenu.

Nina seva ya majina (DNS, inayogeuza majina kuwa anwani), programu ya BIND juu ya Linux ya zamani, mashine niliyoikuta nilipoajiriwa. Ina kazi mbili: inashika zoni zetu za ndani, yaani orodha za majina yetu, na inawaulizia watumiaji majina ya nje. Imekaa miaka bila kumsumbua mtu. Wiki tatu sasa imeanza tabia mbaya, inaganda. Haifi. Kwenye ps ipo pale pale, RAM iko kawaida, CPU karibu na sifuri, poti 53 iko wazi. Ila ukiiuliza jina, kimya.

Nikiiwasha upya inapona papo hapo. Inaweza kupita siku mbili, tatu, au saa sita tu, halafu inarudia. Mpangilio siuoni. Usiku mmoja niliiacha makusudi nione mwisho wake, ikaamka yenyewe baada ya kama dakika 20.

Programu ya uangalizi haijawahi kupiga kengele hata mara moja, maana yenyewe inagonga poti 53 kwa TCP na inafunguliwa vizuri. Logi haina kosa: mstari wa mwisho ni swali la kawaida la mtumiaji, kisha pengo, kisha mistari ya kuwaka upya. Nimeshapandisha toleo la BIND, nimeshabadilisha RAM. Bosi anataka jibu Ijumaa.

Nawasilisha.

Kisiki:
Weka cron, ratiba ya kazi za mashine, iiwashe upya kila saa, ukalale. Mimi nimefanya hivyo miaka minne na hakuna aliyelalamika.

Mama_Pakiti:
Pweza, usimsikilize Kisiki. Na wewe mwenyewe acha kuiwasha upya haraka haraka. Kila ukifanya hivyo unamzika marehemu kabla daktari hajamwona, halafu unakuja kutuuliza alikufa na nini.

Ikiganda tena, jipe dakika tano. Ingia kwenye mashine yenyewe, usipimie mbali, kisha uendeshe hizi kwa mpangilio huu (dig inauliza jina, rndc inaongea na BIND, ss inaonyesha soketi, ps inaonyesha kila uzi wa named, yaani mchakato wa BIND, unasubiri nini):

dig @127.0.0.1 jina-la-zoni-yako +norecurse
dig @127.0.0.1 jina-lolote-la-nje
rndc status
ss -lun
ps -eLo pid,tid,stat,wchan:30,comm | grep named

Ya kwanza inauliza kitu ambacho seva inacho tayari, haihitaji kutoka nje. Ikijibu hiyo na kushindwa ya pili, named ni mzima na tatizo liko njiani au huko inakoulizia. Zikishindwa zote mbili, tatizo liko ndani ya mchakato wenyewe. Huu mgawanyo ndio wa muhimu kuliko yote, na watu wengi wanauruka wanakimbilia kubadilisha mipangilio.

Kuhusu uangalizi wenu: kugonga poti ya TCP hakupimi chochote hapo. Salamu za mwanzo za TCP zinamalizwa na keneli, kiini cha mfumo. Programu inaweza kuwa usingizini na keneli bado ikakufungulia mlango kwa niaba yake, mpaka foleni yake ijae. Uangalizi wa DNS ni kuuliza swali na kusoma jibu.

fundi_waya:
IPv6 hiyo. Nimeyaona mara nyingi. Mashine ina anwani ya IPv6 lakini njia ya kutoka haipo, named inajaribu seva za nje kwa IPv6 kwanza na inasubiri hewa. Iwashe kwa -4 uone.

Kama siyo hiyo, basi faiawoli inatupa vipande vya pakiti. Majibu ya DNSSEC, yaani yenye saini za uthibitisho, ni makubwa, yanazidi 1500 yanakatwa vipande, vipande vinatupwa njiani. Weka edns-udp-size 1232, ndicho kipimo kilichokubaliwa kwenye DNS Flag Day ya 2020. Na hakikisha TCP 53 inatoka nje.

Sauti_Ndogo:
Mimi ilikuwa recursive-clients, kikomo cha maswali ya nje yanayosubiri kwa pamoja. Chaguo-msingi ni 1000. Kuna kifaa kilikuwa kinauliza zoni moja mbovu mfululizo, maswali yanarundikana yakisubiri majibu yasiyokuja, nafasi zinaisha. Kwenye rndc status utaona mstari kama recursive clients: 987/900/1000. Logi pia inasema wazi kuwa nafasi zimejaa. Ukiendesha rndc recursing inakuandikia faili la nani anasubiri nini, ndiko nilikomkamata mhusika.

Pweza_wa_Pili:
Asanteni. fundi_waya, majina ya ndani nayo yanakwama, kwa hiyo sidhani kama ni njia ya nje, ila nitahakikisha. Sauti_Ndogo, logi haina huo mstari. Nasubiri igande.

Nyongeza ambayo sikuisema, huenda haihusiani: ikiganda, hata SSH ya kuingia kwenye mashine inachukua dakika. Nadhani ni kwa sababu sshd inatafuta jina la anayeingia, na DNS ndiyo hiyo imelala.

bin_Terminali:
Nafuatilia kwa karibu.

Pweza_wa_Pili:
Imeganda leo saa nane na robo mchana. Nimejizuia kuiwasha upya, huku simu zinalia.

dig zote mbili kimya. rndc status imekaa tu mpaka nikaikata. ss inaonyesha UDP 53 ina Recv-Q 213120. ps ndiyo hii, nimepunguza:

2210 2214 Sl unix_wait_for_peer named
2210 2215 Sl futex_wait_queue_me named
2210 2216 Sl futex_wait_queue_me named
2210 2217 Sl futex_wait_queue_me named

Zilizobaki pia ni futex. Sijui inamaanisha nini.

Mama_Pakiti:
Inamaanisha mengi. Umefanya kazi nzuri, na pole kwa simu.

Recv-Q ya 213120: bafa ya kupokea kwa kawaida ni 212992, kwa hiyo imejaa mpaka juu. Maswali yanafika kwenye mashine, keneli inayapokea, named haiyachukui. Faiawoli na IPv6, vyote vifute. Pakiti zimefika mlangoni, mwenye nyumba haamki.

Nafasi za recursive-clients nazo zifute. Zikijaa, named inakuwa mzima wa afya na rndc inajibu, ila inakataa wateja. Hapa rndc yenyewe haijibu.

CPU sifuri, kwa hiyo haizunguki bure. STAT ni S, usingizi wa kawaida, siyo D, usingizi usiokatizika. Ingekuwa D ningekutuma moja kwa moja kwenye diski au mfumo wa faili wa mtandao. Futex maana yake nyuzi hizo zinasubiri kufuli, na aliyeshika kufuli karibu hakika ni 2214, kwa kuwa ndiye pekee anayesubiri kitu tofauti. Swali ni hilo: 2214 anasubiri nini? Hapo mimi naishia, jina hilo silijui. Kuna anayejua?

fundi_waya:
Nimekubali, IPv6 haimo. Ila ukimaliza iangalie tu 😀

Mzee_Soketi:
Nimesoma uzi wote. unix_wait_for_peer ni jina la kazi ndani ya keneli: mtu anataka kutuma ujumbe kwenye soketi ya Unix, foleni ya mpokeaji imejaa, kwa hiyo anasubiri mpokeaji asome. Hiyo siyo soketi ya mtandao, ni ya ndani ya mashine. Na named inaongea na nani kwa soketi ya Unix? Mara nyingi ni mmoja tu, /dev/log, mlango wa syslog, huduma ya kuandika logi inayoendeshwa na syslogd.

Maswali matatu. Kwanza, logi zako zinakwenda syslog au faili? Pili, logi ya maswali, ile querylog, imewashwa? Tatu, kuhusu SSH: ikiganda tena, kaa kwenye konsoli ya mashine yenyewe, usipite mtandao, andika su. Ikichelewa nayo, nadharia yako ya sshd kutafuta jina inakufa, maana su haina haja ya DNS. Kinachowaunganisha su, sshd na named ni kwamba wote wanaandika syslog.

Na ukipata nafasi, tazama kila mmoja anaiomba keneli nini: strace -p 2214, kisha strace -p ya syslogd.

Pweza_wa_Pili:
Mzee, kwanza: syslog. Pili: aisee, ndiyo. Niliiwasha mimi mwenyewe kwa querylog yes kwenye named.conf nilipokuwa natafuta kompyuta iliyokuwa inauliza majina ya ajabu ajabu, nikasahau kuizima. Hesabu inaangukia wiki tatu na kidogo. Naona aibu kuandika.

Seva inapata kama maswali 40 kwa sekunde mchana.

Kisiki:
Ndiyo hayo. Cron isingeuliza maswali yote haya.

Pweza_wa_Pili:
Imeganda tena saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa macho.

su kwenye konsoli: imenichukua zaidi ya dakika moja. Mzee ulikuwa sahihi.

strace ya uzi wa named: amesimama katikati ya sendto inayoanza na "<30>", kisha tarehe, kisha maandishi ya swali la mteja. Hamalizi.

strace ya syslogd: anatuma pakiti kwenda 127.0.0.1 poti 53, anasubiri kwa poll sekunde 5, muda unaisha, anatuma tena, sekunde 5 nyingine, anaandika mstari kwenye faili, anasoma kidogo, kisha anaanza tena kuuliza 127.0.0.1.

Naona kitu ila sijakielewa sawasawa. Mbona syslogd inauliza DNS?

Mzee_Soketi:
Umeshakikamata, bado kukivua gamba tu.

Hiyo <30> ni namba ya kipaumbele cha syslog: kundi la daemon ni 3, zidisha kwa 8, ongeza 6 ya info. Ni mstari wa kawaida wa logi ya maswali.

Sasa mduara wenyewe. Nabashiri syslogd yako imewashwa kwa -r, yaani inapokea logi za vifaa vingine kupitia mtandao. Ujumbe ukifika unakuja na anwani tu, na syslogd inataka kuandika jina la kifaa. Inauliza DNS kinyume, kutoka anwani kwenda jina. resolv.conf inasema DNS ni 127.0.0.1, yaani mashine hii hii, named. Huku nako named, kwa kuwa querylog imewashwa, kila swali inaliandika kwenye logi kwanza, na anayeandikiwa ni syslogd. Na syslogd ya zamani ni mtu mmoja, haina uzi wa pili. Wakati inasubiri jibu la jina, haisomi /dev/log.

Hata swali la syslogd lenyewe lazima liandikwe kwenye logi kabla halijajibiwa. Mwandishi ndiye huyo huyo anayesubiri jibu.

Siku ya kawaida mduara huu hauonekani. Jibu la kinyume linarudi ndani ya milisekunde moja mbili, foleni haijapata muda wa kujaa. Lakini foleni ya /dev/log ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Soma /proc/sys/net/unix/max_dgram_qlen. Chaguo-msingi la keneli ni 10. Jumbe kumi! Kwa maswali 40 kwa sekunde, robo sekunde inatosha kuijaza. Swali moja la kinyume likichelewa zaidi ya hapo, named inakwama kwenye sendto ikiwa imeshika kufuli la logi, nyuzi nyingine zinajipanga nyuma yake, na jibu la syslogd haliwezi kutoka tena hata kama huko nje limeshapatikana. syslogd inakaa sekunde 10, yaani majaribio mawili ya sekunde 5 kama ilivyo kawaida ya glibc, maktaba ya msingi ya Linux, inakata tamaa, inasoma kidogo /dev/log, named inapumua mara moja, kisha ujumbe mwingine wa kifaa unafika na mzunguko unaanza upya.

Ndiyo maana ukiiwasha named upya inapona. Ukiiua, poti 53 inafungwa, na keneli inamjibu syslogd papo hapo kuwa hapa hakuna mtu. Maswali yake yanashindwa haraka, anaandika anwani tupu, anamaliza foleni. named ikiwaka inakuta njia nyeupe. Wewe ukaona dawa ni kuwasha named, ukadhani mgonjwa ni named. Ungewasha upya syslogd ingepona vilevile. Na ule usiku iliyoamka yenyewe, jumbe za vifaa ziliisha, basi.

Hili siyo jipya wala siyo kosa la BIND. Mwongozo wa sysklogd, yaani hiyo syslogd ya Linux za zamani, kwenye maelezo ya -x, unasema wazi kuwa kuzima utafutaji wa majina kunaepusha kukwamishana pale seva ya majina inapokaa mashine moja na syslog.

Linalobaki: ni anwani gani ambayo jibu lake la kinyume linachelewa? Iangalie kwenye strace, ndani ya swali lenyewe.

Sauti_Ndogo:
Nimesoma mara mbili. Kufuli mbili zinazoshikana mashati.

Pweza_wa_Pili:
Mzee nakuvulia kofia. -r ipo, max_dgram_qlen ni 10, na resolv.conf ina mstari mmoja tu wa 127.0.0.1.

Anwani ni za swichi mpya, 172.20 na kuendelea. Swichi ziko hapa hapa kwetu na zinatuma logi kwenye hii seva. Lakini zoni yao ya kinyume haiko kwangu, iko kwenye seva ya makao makuu. Mimi nina mstari wa kupeleka maswali hayo huko tu, kupitia kiungo chetu cha kwenda kwao.

Nikakaa nikalinganisha saa za kuganda na saa ambazo kiungo hicho kilianguka. Mara saba kati ya saba. Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu ofisini: kiungo kikianguka, kitu cha kwanza swichi inachofanya ni kutuma logi kusema kiungo kimeanguka. Sekunde hiyo hiyo ambayo wa kunitajia jina lake hafikiki.

Mama_Pakiti:
Ndiyo maana hukuona mpangilio. Mpangilio ulikuwa wa kitu kingine.

Jaribu kuizalisha kabla hujatibu. Zuia kwa iptables pakiti za kwenda seva ya makao makuu, itupe kimya kimya, halafu chomoa na uchomeke waya wa poti moja ya swichi isiyo na mtu. Isipoganda, hadithi yetu ni nzuri tu lakini siyo ya kweli.

Pweza_wa_Pili:
Nimefanya saa nne usiku. Usiku maswali ni machache, nikaendesha kitanzi cha dig kuongeza. Imeganda chini ya nusu dakika. Nimerudia mara tatu, tatu zote imeganda. Nimeweka -x kwenye syslogd, nimerudia mara tano, haijaganda hata moja.

fundi_waya:
Safi sana. Sasa zima na querylog, tatizo limekwisha.

Mama_Pakiti:
Kuzima querylog peke yake kunaficha tu. Siku kukiwa na wimbi la mistari ya makosa, labda zoni imekataa kuhamishwa au DNSSEC inashindwa kuthibitishwa, mistari kumi inajaa hivyo hivyo. Mimi ningefanya vyote: -x, na logi ya maswali iende faili lake kwa channel ya file yenye versions 5 size 50m, isipite syslog kabisa. Na faili hilo liwe kwenye diski ya ndani. Nimeona watu wanaandika logi za DNS kwenye diski ya mtandao, diski ikilala DNS inalala nayo, na safari hii utaona D, na hata kill -9 inaweza isikusaidie.

Mzee_Soketi:
Naunga mkono, ingawa kwangu -x ndiyo tiba na faili ni lishe. Kuna wanaokimbilia kuongeza max_dgram_qlen. Usifanye hivyo kama tiba, unanunua sekunde tu.

Ongeza pia minus mbele ya jina la faili kwenye syslog.conf. sysklogd bila hiyo alama inalazimisha diski kuandika kila mstari, na kwa mistari 40 kwa sekunde unaichosha bure.

bin_Terminali:
Samahani wakuu, sisi tunaotumia mifumo mipya yenye systemd tuko salama?

Mzee_Soketi:
Kwa sehemu. Pale /dev/log inashikwa na journald, mwandishi wa logi wa systemd, nayo haikai ikisubiri DNS. Lakini ukiwa na named ndani ya chroot, saraka iliyofungiwa, na rsyslog, syslogd ya kisasa, imeambiwa ifungue soketi yake humo ndani ya chroot, hapo named inaongea na rsyslog moja kwa moja. rsyslog ina nyuzi nyingi na foleni kubwa, kwa hiyo inachukua muda zaidi kujaa. Ila ikiwa inapeleka logi kwa TCP kwenye seva nyingine iliyotajwa kwa jina, na seva hiyo ikapotea kwa muda mrefu, foleni kuu inaweza kujaa na wanaoandika wakaanza kucheleweshwa. Itaje kwa anwani, au uipe hatua hiyo foleni yake yenyewe.

Pweza_wa_Pili:
Mrejesho wa wiki mbili. Kiungo kimeanguka mara nne, DNS haijatetereka. Uangalizi sasa unauliza jina la ndani kila dakika na unasoma jibu.

Kimoja kimeharibika: skripti ya ripoti ya bosi ilikuwa inasoma majina ya swichi kwenye logi, na kwa -x zinaandikwa anwani tupu. Nimeipa jedwali lake la anwani na majina. Bosi hajui kama ilibadilika.

Kisiki:
Sawa, mmenishinda. Jana nimeitoa ile cron yangu ya miaka minne nione. Imeganda saa tisa usiku. STAT ni D, wchan inasema rpc_wait_bit_killable, na ndiyo, logi zangu ziko kwenye NFS, diski ya mtandao. Mama_Pakiti usiseme kitu. Nafungua uzi mpya.